Baba, Mafuta Mazuri Hayakutosha

Baba yangu,

Mvua imerudi huku Boito. Mama amesema nianze na hilo, kwa sababu wiki zako za mwisho ulikuwa unatoka kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi, unatazama mawingu upande wa msitu wa Mau, halafu unarudi ndani. Sasa majani ya chai yametoka kwa wingi. Jana tulichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, na Mama akasema laiti ungeona.

Ni Jumapili. Tumetoka kanisani, yeye amejilaza kidogo, mimi nimekaa kwenye meza yako. Barua hii nimeiandika kichwani tangu tulipokuzika, na kila nikifika mahali fulani naiacha. Siku ya mazishi walinipa nafasi niseme kwa niaba ya watoto wako. Nilisema ulikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji kwa miaka mingi, na ukisikia bomba limepasuka ulikuwa unaacha chakula mezani. Nilisema ulikuwa unaimba sauti ya chini kanisani, na kwamba tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaisikia hiyo sauti kwa mgongo wa benchi kabla ya kuisikia kwa masikio. Watu wakaitikia, nikaketi. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini kuna moja niliruka, na ndilo nataka kukwambia leo.

Unakumbuka siku ulipokuja Sotik kupimwa?

Nilikuwa nimekuomba mwaka mzima. Ulikuwa na presha tangu ndugu yangu Kiprono aanze sekondari, na dawa zake ulikuwa unameza. Sukari yako nayo daktari alikuwa amesema imeanza kupanda, uiangalie. Kila nikipiga simu unasema, "Nitakuja majani yakipungua." Halafu asubuhi moja nikainua kichwa kutoka kwa mashine zangu na wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa ile kliniki yetu ndogo, umevaa koti la kanisa, hujala kitu kama nilivyokuagiza, na mkononi una kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, umekizungushia gazeti. Wagonjwa wote kwenye benchi ulikuwa umeshawasalimia kwa mkono, mmoja mmoja.

Nilitaka mwenzangu akutoe damu. Mtu kumdunga baba yake si rahisi. Ukakataa.

"Huyo mwenzako ni mimi nilimfundisha kuchuma chai?" uliuliza.

"Hapana, Baba."

"Basi nidunge wewe. Mkono wako naujua."

Uliujua kweli. Nilikuwa darasa la tatu ulipouweka ndani ya wako, kwenye ile mistari ya chini karibu na mto, ukanionyesha majani mawili na kichipukizi. "Usivute," ulisema. "Vunja. Ukivuta unaumiza kichaka." Mkono wako ulikuwa mkubwa na mgumu, na ulikuwa unavunja majani taratibu kama mtu anayemvua mtoto viatu akiwa usingizini. Siku hiyo ya Sotik nilifunga mpira juu ya kiwiko chako, mshipa ukasimama vizuri, nikaingiza sindano. Watu wengi hutazama pembeni. Wewe uliitazama damu yako ikiingia kwenye chupa mpaka ikajaa.

"Kumbe ni nyeusi hivi," ulisema.

Majibu yalitoka mchana. Karatasi ile ilikuwa ya daktari. Yeye ndiye alitakiwa kukusomea wiki iliyofuata, akiwa na kadi yako ya presha mbele yake. Mimi kazi yangu ni kupima tu. Kupima nimesomea, lakini kumwambia mtu maana ya maisha yake yote kwa mstari mmoja wa karatasi, hiyo sikusomea. Lakini nilikuwa nimeona kitu kilichonifurahisha, na Jumamosi nikapiga nakala, nikaja nayo nyumbani.

Nilikukuta chini ya paa la zizi, unakata bomba kwa msumeno. Sijasahau hata neno moja.

"Baba, mafuta yako mazuri iko juu sana. Sijaona mtu wa umri wako akiwa nayo hivi."

Ukacheka. "Mafuta tena yawe mazuri? Si daktari alisema niache mafuta?"

"Hii si ya kupikia. Iko ndani ya damu, wanaita kolesteroli. Kuna mbaya, hiyo inaingia kwa ukuta wa mshipa na kujazana hapo. Na kuna nzuri. Nzuri inaokota ile imezidi, inarudisha kwa ini."

Uliinua kile kipande cha bomba. "Sasa mshipa si ni kama hii? Uchafu ukijaa, maji haipiti."

"Hapana, Baba. Bomba ni kitu imekufa. Mshipa uko hai." Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikuelezee vizuri, kwa sababu ulikuwa umeweka msumeno chini. "Ndani yote umetandikwa seli, safu moja tu, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hizo seli ndizo zinaambia mshipa ufunguke ama ujikaze. Ndizo zinazuia damu isigande ovyo. Zikiumia, hapo ndipo uchafu unapata mahali pa kuingia. Sasa hiyo mafuta mazuri inazilinda. Inazifanya zitoe hewa fulani kidogo sana, hiyo hewa inalegeza mshipa damu ipite. Inazuia zisivimbe. Na zikiumia inazisaidia kupona, zisife mapema."

"Inalinda seli," ulisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

"Ndio."

"Na yangu ni mingi."

"Ni mingi, Baba."

Ukanitazama. Ulikuwa na njia ya kumtazama mtu kabla ya kuamini anachosema, na wazee wote wa mradi wa maji walikuwa wanaiogopa. "Kwa hivyo niko sawa?"

Hapo ndipo naachaga barua, Baba. Kwenye karatasi ileile, mistari michache chini, sukari yako ilikuwa imepita kiwango. Niliiona. Na presha haikuwa kwenye karatasi hata kidogo, kwa sababu presha haipimwi kwa damu. Nilijua hayo yote nikiwa nimekaa juu ya ile ndoo. Lakini uso wako ulikuwa umefunguka, na mimi nilikuwa msichana wako aliyesoma, amekuletea habari njema kutoka mjini.

"Uko sawa, Baba," nikasema.

"Kongoi," ukanishukuru. Ukamwita Mama atoke jikoni aje asikie.

Wiki iliyofuata hukwenda kwa daktari. Bomba lilikuwa limepasuka kule kwenye chemchemi, ukapanda na wenzako mkashinda huko. Jioni nilikupigia nikuulize. Ukaniambia, "Si wewe ulishanisomea?" Nikasema haya. Sikukusukuma. Nilijiambia nitakuja nikuchukue mwezi ujao, na mwezi ujao ukapita.

Habari yako ikatembea. Nasikia ulikuwa unaieleza kwenye senta ya chai watu wakingoja lori ya kiwanda, tena vizuri kuliko mimi, hata ile ya ngozi ya kitunguu. Na ulimwambia rafiki yako Mzee Njoroge, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sotik ulikokuwa unanunua mabomba tangu kabla sijazaliwa. Nyinyi wawili mlikuwa mmezeeka pamoja juu ya ile kaunta yake, wewe na Kiswahili chako cha Kipsigis na yeye na chake cha Kikuyu, mkibishana kuhusu viungo vya bomba na Kitabu cha Ayubu.

Krismasi nilipokuja nilikukuta unapanda kilima na mzunguko mzima wa bomba begani. Nikasimama getini nikitazama. Nikajiambia, ona baba yangu. Sikuangalia kabati. Ningeliangalia, ningeona kwamba dawa za presha hazikuwepo.

Ile asubuhi ya mwisho Mama amenisimulia mara nyingi, na kila mara nasikiliza kama sijawahi kuisikia. Mlikuwa mnachuma mistari ya juu. Ulimwambia kifua kimekubana kidogo, ni ile chai ya asubuhi. Ukachuma mkono mmoja au miwili zaidi. Halafu akaona kichwa chako kimeshuka chini ya vichaka, akadhani umeinama kuokota kitu. Alipofika ulikuwa umekaa chini, jasho limelowesha kola, na kikapu bado kiko mgongoni. Jirani yenu Sigei alisikia akilia, akavuka mto na wanawe. Walikubeba mpaka barabarani, wakasimamisha gari lililokuwa limebeba maziwa, wakakimbiza mpaka hospitali ya Longisa.

Mimi nilitoka Sotik bila kuvua koti la maabara. Nilipofika walikuwa wamekuwekea oksijeni na wanafanya kila kitu, Baba, nataka ujue hilo. Niliwaona. Hawakupumzika. Ulinitambua. Ukasogeza ile barakoa kwa kidole.

"Hii ni gesi ya tumbo tu," ulisema.

"Usiongee, Baba."

"Si mishipa yangu ni mizuri?"

Hukuwa unanilaumu. Ulikuwa unanituliza. Nikashika mkono wako na nikasema ndio, ni mizuri, kwa sababu hapo hapakuwa na neno lingine la kumwambia mtu. Kabla ya saa saba ulikuwa umekwenda.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alitukalisha kwenye kichumba kando, Mama na mimi, akauliza maswali ya kujaza fomu. Je, mzee alikuwa na presha? Ndio, Mama akasema. Alikuwa anameza dawa? Mama akatazama sakafu.

"Aliacha."

"Aliacha lini, Mama? Kwa nini?"

"Msichana wake alimwambia yuko sawa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu swali tu, kama mtu anavyojibu polisi jina lake. Hata hakukumbuka kwamba msichana mwenyewe ni mimi niliyekaa kando yake, na mkoba wake umelala mapajani mwangu.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili na mkono ukakataa. Nilikuwa nafunga mpira, mshipa unasimama, na sindano inatetemeka. Mwenzangu akachukua kazi ya kudunga, mimi nikabaki na mashine. Kukiwa kimya nilikuwa nasoma. Nilisoma kila kitu nilichopata kuhusu yale mafuta mazuri, kama mtu anayesoma barua za mgeni aliyemkaribisha nyumbani bila kumuuliza anatoka wapi.

Niliyokueleza pale zizini yalikuwa kweli, Baba. Yanalinda zile seli. Lakini sikukueleza yote, na mengine sikuyajua. Kipimo chetu kinahesabu ni kiasi gani yapo. Hakisemi kama yanafanya kazi. Mtu akiwa na sukari iliyopanda muda mrefu, ama anavuta sigara, ama ana ugonjwa unaouchosha mwili ndani kwa ndani, yale mafuta mazuri yenyewe yanaharibika. Yanaonekana kwenye karatasi kuwa mengi, na huko ndani hayana tena nguvu ya kulegeza mshipa wala ya kutuliza uvimbe. Hata kuwa nayo mengi kupita kiasi si lazima iwe heri. Na hata yakiwa mazima kabisa, hayafanyi kazi ya dawa ya presha. Damu inayosukumwa kwa nguvu inazichubua zile seli kila mpigo, mchana na usiku. Ulinzi mdogo wa namna hiyo utashindana na hilo mpaka lini?

Yako wewe yalikuwa mazima ama yalikuwa yamechoka, sitajua. Nimejizuia kujifanya najua. Labda hata ungemeza dawa siku hiyo ingefika. Daktari mmoja ameniambia hivyo. Lakini labda isingefika, na mtu ameniambia hilo pia, na huyo mtu ni mimi.

Karibu miezi miwili baadaye Mzee Njoroge alikuja kliniki. Aliingia na kofia mkononi, amepungua, nikadhani amekuja kunipa pole tena. Akavuta kiti.

"Msichana wangu, nataka kile kipimo cha baba yako."

"Kipi, Mzee?"

"Ile ya mafuta mizuri. Nione kama yangu pia iko juu. Ikiwa juu, niendelee kupumzisha hizi dawa."

Nikaweka kalamu chini. "Dawa gani umepumzisha?"

"Ya presha. Tuliacha pamoja, mimi na yeye. Aliniambia ile kitu inalinda mishipa, ukiwa nayo hizi dawa ni kazi bure. Mimi nikasema nitakuja kupimwa, na duka haikuniachilia. Lakini nasikia niko sawa tu. Ni kichwa kidogo inagonga."

Ningeweza kumtoa damu nikampeleka kwa daktari bila kusema kitu. Daktari angemrudishia dawa, na yeye angekwenda zake akidhani wewe ndiye ulikosea kuelewa. Nakuambia ukweli, Baba, nilifikiria hivyo. Ilikuwa rahisi kabisa, na wewe hungekuwepo kukanusha. Nilisimama na mgongo kwake nikijifanya natafuta karatasi.

Halafu nikakaa. Nikamwambia kwamba hukukosea kuelewa hata kidogo. Kwamba ulielewa sawasawa nilivyokuambia, na mimi ndiye nilikuambia nusu, na nusu nyingine nikaiacha kwa sababu nilipenda uso wako ulivyofurahi. Nikamwambia kuhusu sukari. Nikamwambia na lile neno lenyewe, kwamba uko sawa. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Nilitegemea akasirike, na alikuwa na haki, maana alikuwa amebeba uongo wangu kichwani miezi yote hiyo na kilikuwa kinagonga.

Alizungusha kofia mikononi.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa lugha yake. Halafu, "Sasa mbona hukuniita mazishini ukaniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa. Na mimi ningekufa na aibu yako."

Nilimshika mkono nikampeleka kwa muuguzi. Presha yake ilipopimwa muuguzi hakusema namba kwa sauti. Alipima mkono wa pili, kisha akatoka mbio kumwita daktari. Mzee Njoroge alilazwa siku tatu. Yuko hai, Baba. Anafungua duka kama kawaida, na dawa zake mke wake anamhesabia mbele ya wateja, na anaona haya.

Alipotoka nilimpelekea chai kwenye chupa. Hapo ndipo aliponiambia neno ambalo nimeligeuza kichwani mpaka leo.

"Usijifanye mkubwa sana, msichana wangu. Baba yako alikuwa amechoka na zile dawa kitambo. Zilikuwa zinamfanya azunguke kichwa akipanda kule juu kwa maji, na alikuwa anaona haya mbele ya vijana wake. Alikuwa anatafuta ruhusa. Sisi wazee wote tunatafuta ruhusa. Wewe ulimpa. Ulikosea kumpa. Lakini kutafuta alitafuta mwenyewe."

Mbona hukuniambia, Baba? Kwamba kichwa kilikuwa kinazunguka? Dawa za presha ziko aina nyingi. Ungebadilishiwa. Lilikuwa jambo la dakika tano kwa daktari. Nimekukasirikia kwa hilo, na ni bora ulijue kutoka kwangu. Kuna siku nimepita karibu na kaburi lako nikienda kwenye majani ya chini na sikusimama.

Baada ya Mzee Njoroge nilijua sina budi kumwambia Mama. Nilimngoja jioni akikamua. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikamwambia yote, na yeye hakugeuka, aliendelea kukamua mpaka ng'ombe akaisha maziwa. Halafu akakaa palepale na ndoo katikati ya magoti.

"Mimi ndiye nilikuwa naweka hizo dawa mezani na maji," alisema. "Kila asubuhi. Siku aliniambia niondoe, niliondoa. Sikumuuliza mara ya pili. Unajua kwa nini? Nilifurahi. Nilisema sasa mume wangu si mgonjwa tena."

Nikainama kando yake. Hatukuambiana kwamba si kosa la mtu. Tulilia tu, na ng'ombe akitushangaa, mpaka Mama akasema maziwa yataharibika.

Sasa nikwambie la senta, ndiyo nimalize.

Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Nakujaga kumsaidia Mama kuchuma, mgongo wangu umeshasahau, nateseka. Tulikuwa tumekaa na mifuko yetu tukingoja karani apime, na wanaume wakaanza kuzungumza juu yako. Sigei akasema, si kwa ubaya, "Mwenyekiti alipimwa, akaambiwa yuko na mafuta mizuri, na bado akaenda. Sasa mtu apimwe kwa nini? Hizi kupimwa ni kujitafutia wasiwasi." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli.

Niliona kwamba kosa langu bado linatembea. Lilianza kwa kuwaambia watu wakipimwa wako salama, na sasa limegeuka kuwaambia kupimwa hakuna maana, na linapita mdomo kwa mdomo na jina lako juu yake. Mama alinitazama. Alijua. Akanigusa goti, si kunizuia.

Nikasimama mbele yao wote, wanaume walionijua nikiwa na kamasi. Sauti ilitoka ndogo.

"Baba hakufa kwa sababu alipimwa. Alipimwa, na mimi nikamsomea vibaya. Nilimwambia habari ya mafuta mazuri na sikumwambia kwamba sukari yake imepanda. Nilimwambia yuko sawa. Akaacha dawa ya presha kwa sababu ya neno langu. Yale mafuta ni kitu ya kweli, yanalinda mishipa, lakini hayawezi kubeba presha na sukari peke yake. Kama kuna mtu hapa ameacha dawa kwa sababu ya ile hadithi, tafadhali arudi. Ilikuwa nusu. Ilitoka kwangu, si kwa Baba."

Karani alikuwa ameshika mfuko wa mtu kwenye mizani na hakusoma kilo. Niliona mama mmoja ameweka mkono mdomoni. Nilidhani nimeharibu jina langu na lako pamoja.

Sigei alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua.

"Hiyo kliniki yenu," akasema, "Jumatatu inafunguliwa saa ngapi?"

Walikuja wanne. Sigei, mke wake, na wazee wawili wa mradi wa maji. Mwenzangu alikuwa ndani na mgonjwa mwingine, na Sigei alikuwa ameshakunja mkono wa shati mbele yangu, anangoja. Nilifunga mpira. Nilimwambia karatasi itakwenda kwa daktari, na yeye atamwona daktari, na mimi nitakaa hapohapo kwenye kiti cha pembeni mpaka aelewe kila mstari, hata mistari mibaya. Akasema sawa, mtoto wa Mwenyekiti. Sindano ikaingia bila kutetemeka.

Baba, sikuombi uniambie si kosa langu. Lilikuwa langu, na kidogo lilikuwa lako, na Mama anasema na lake pia limo. Tumelibeba watatu, na wewe upande wako umeshauweka chini. Ninaloomba ni moja tu: uniache niendelee kuwa binti yako, nikiwa nalijua hili, na wewe ukiwa umelijua.

Mama ameamka, ananiita tukakamue. Pumzika, Baba.

Mimi binti yako uliyemfundisha kuchuma,

Chepkemoi